Maharagwe ya Mama Somo

Tulipomaliza matanga ya Mama tulikaa chini tukagawana vitu vyake. Havikuwa vingi. Wadogo zangu walichukua vitenge, saa ya ukutani, na ile Biblia ambayo jalada lake alilishona mwenyewe kwa uzi wa viatu. Mimi nikasema, nipeni sufuria. Wakanitazama. Sufuria yenyewe mkono mmoja umekatika, na ndani, chini kabisa, ina doa jeusi la ukubwa wa kiganja ambalo hakuna mchanga wala majivu yaliyowahi kuling'oa.

"Chukua, Dada, chukua kabisa," akasema mdogo wangu wa mwisho. "Na ule mchuzi wake uchukue."

Nyumba nzima ikacheka, hata shangazi ambaye macho yake yalikuwa bado mekundu. Kila aliyewahi kula kwetu anajua kwamba maharagwe ya Mama yalikuwa maji matupu. Ulikuwa unatafuta punje kwa kijiko kama mtu aliyeangusha pete mtoni. Wajukuu walimtania mpaka siku zake za mwisho: "Bibi, leo tunakula au tunaogelea?" Naye alikuwa anasema tu, kuleni, mchuzi unasaidia tumbo. Nilicheka pamoja nao. Sikuwaambia kitu.

Kwa nyinyi wa rika langu, mliokuwa watoto Gitega miaka ile ya vita, nitasema. Nyinyi sihitaji kuwaeleza vita. Mnakumbuka wenyewe kwamba mtu alikuwa anazoea, na hicho ndicho kibaya chake. Tulikuwa tunasikia milio upande wa Bugendana mchana kweupe, na tunaendelea kuruka kamba.

Zamani maharagwe ya Mama hayakuwa na maji. Yalikuwa mazito, ukigeuza sahani hayaanguki. Aliyapika kwa mawese na kitunguu mpaka yashikane, na alikuwa anasema maharagwe yenye mchuzi ni ya wagonjwa na ya wavivu. Wazazi wangu walitoka upande wa Uvira, kule Kongo, wakaja kutafuta maisha Burundi kabla mimi sijazaliwa. Tulikaa Magarama, mtaa wa hapohapo Gitega, katika nyumba ya vyumba viwili vya matofali, ua mmoja na Mama Zaina, mwanamke Mwislamu aliyekuwa anakaanga sambusa na kuziuza barabarani. Binti yake Zaina alikuwa rika langu. Tulikuwa tunalala nao mlango kwa mlango, tunachota maji pamoja, na Idi ikifika tunakula kwao mpaka tunashindwa kutembea. Baba alikuwa anapeleka mawese Muyinga na kurudi na sabuni na kanga zilizovuka mpaka wa Tanzania. Huko Muyinga alikuwa analala kwa Mzee Hamisi, kaka yake Mama Zaina. Mambo yalikuwa yamefungamana hivyo.

Mtaani Mama alikuwa anaitwa Mama Somo. Hilo jina alipewa na wanawake wenzake wa chumba cha maombi, kwa sababu ya desturi ya nyumba yetu. Kila jioni, tukishakula na kabla ya kutoa sahani, alikuwa anauliza kila mtu maswali mawili, kwa mpango huohuo: Leo umeona nini? Na Mungu amekufundisha nini? Hukuruhusiwa kuruka la kwanza. Hata mtoto wa miaka mitatu alikuwa anasema, nimeona kuku, Mungu amenifundisha kuku, na Mama anaitika amina.

Yeye mwenyewe hakuna kitu kilichompita. Akichambua maharagwe akapata jiwe, ni dhambi ndogo inayovunja jino kubwa. Mkaa ukikataa kuwaka, ni moyo uliolowa. Siku watu wa Nyarusange walipopita kwetu wakikimbia, tulimwona mwanamume mmoja amebeba mlango kichwani. Hakuwa na godoro, hakuwa na sufuria, ni mlango tu na bawaba zake. Jioni ile Mama alitufundisha kwamba Yesu ndiye mlango, na mwenye akili ataacha vyote abebe huo. Nililia kwa uzuri wa maneno hayo. Sasa nadhani yule baba aliogopa tu kwamba wataung'oa wawashie moto.

Baba alikuwa mtu wa mzaha. Alikuwa anaweka mikono magotini kama mhubiri na kusema, "Mi leo niliona mbuzi anakula shati yangu kwa kamba ya nguo. Mungu amenifundisha kama mavazi ya hii dunia ni ya kupita." Mama alikuwa anajifunika mdomo kwa kitenge ili tusione anacheka. "Weye," anamwambia, "na Mungu hauchezi naye." "Sichezi," anasema Baba, kwa ile njo ya Uvira iliyo ndiyo ya wengine. "Shati njo imepita kweli."

Lakini kulikuwa na kanuni moja ambayo Mama hakuitania, na ndiyo iliyonipata. Alikuwa anasema, "Mungu iko mwalimu. Ukishika somo, anafunga kitabu. Usiposhika, anarudia. Na akirudia, anakuja na fimbo kubwa." Sisi tulijua fimbo ni nini, tulikuwa tunasoma shule ya msingi. Niliishika kanuni hiyo kuliko amri zote kumi.

Siku ya sufuria ilikuwa Jumamosi, asubuhi. Baba alikuwa aondoke Jumatatu na konvoi, maana wakati ule magari hayakupita njia ya Karuzi peke yake, yalikwenda kwa msururu na askari mbele na nyuma. Mama alikuwa amepata maharagwe mapya kwa mwanamke aliyeyabeba kwa miguu kutoka Bugendana, na hayo yalikuwa hayapatikani kirahisi tena, kwa sababu watu waliogopa kwenda mashambani kuvuna. Aliyatia kwenye sufuria, akaiweka juu ya mbabula, jiko letu la mkaa, akaniambia, "Mi naenda kwa maombi. Keti hapa. Maji ikipunguka, ongeza. Usiondoke." Nikasema ndiyo Mama.

Niliketi. Mkaa ulikuwa unalia taratibu. Nyuma ya nyumba zetu kulikuwa na mteremko ambapo tulikuwa tunateleza juu ya gogo la mgomba, unakaa juu yake unajisukuma, unafika chini matope mpaka masikioni. Usiku wa kuamkia siku ile mvua ilikuwa imenyesha. Nilijiambia nitateleza mara moja. Hakuna aliyeniita. Nilikwenda mwenyewe, nikateleza, nikapanda, nikateleza, sijui mara ngapi. Nilikuwa na furaha. Nasema hivyo kwa sababu ni mara ya mwisho naikumbuka ile furaha ya kutokuwa na kitu chochote kichwani.

Harufu ndiyo iliyonirudisha. Wanaopika wanaijua. Mwanzo ni tamu kidogo, halafu inakuwa chungu inakaa kooni. Nilikuta moshi umejaa ua. Maharagwe yalikuwa yamekuwa mkaa chini, na juu yalikuwa magumu na ya kahawia. Mama aliingia mlangoni wakati huohuo, Biblia kwapani. Akauliza ulikuwa wapi. Nikafungua mdomo, na jina lililotoka lilikuwa la Zaina.

Nilisema Zaina aliniita. Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alisema tu, "Jioni utatuambia somo," akaanza kukwangua.

Jioni tulikula mihogo mitupu. Zamu yangu ilipofika nilikuwa nimeshajiandaa mchana mzima, na msinicheke, nilikuwa mtoto wa Mama Somo. Nilisema, "Nimeona sufuria ikiungua. Zaina aliniita mara tatu, na mara ya tatu nikaenda. Mungu amenifundisha kwamba sauti inayokutoa kwenye kazi yako ni sauti ya mjaribu, hata ikiwa ni ya rafiki."

Mama aliniangalia kama hajawahi kuniona. Macho yalimjaa machozi. "Aleluya," akasema. "Maharagwe imeungua, lakini mtoto amepona." Halafu akamwambia Baba, "Umesikia mtoto wako?"

Baba alikuwa anatoa nyuzi za muhogo kwenye meno. Akasema, "Nimesikia. Somo nzuri." Tulipokuwa tunatoa sahani akanishika mkono, akaniambia polepole, Mama asisikie, "Ile saa watoto ya chuo walikuwa bado kutoka, si njo?"

Chuo ni kule ambako Zaina na wenzake walikuwa wanasoma Kurani kila Jumamosi asubuhi mpaka adhuhuri. Kila mtu Magarama alijua. Sauti zao zilikuwa zinasikika mpaka kwetu. Mimi tu ndiye niliyesahau.

Baba hakukasirika. Alisema, "Bon. Nikirudi kutoka Muyinga tutaongea. Mi na we na sufuria. Yenyewe ilikuwepo." Akanifinya sikio kidogo akaniachia. Ndivyo tulivyopatana. Akirudi, nitamwambia. Nilikuwa na siku saba au nane, na kwa mtoto hizo ni nyingi mno.

Jumatatu akaondoka. Jumanne Mama akamwita Zaina, mbele ya mama yake, akamwambia asije tena kuniita nikiwa kazini. Zaina akasema, "Mi sikumwita, Mama." Mama akasema, "Na uongo tena?" Mama Zaina alikuwa anakunja sambusa. Hakuinua kichwa, ila vidole vilisimama. Alhamisi Mama alilisimulia somo langu kwenye maombi ya wanawake, la sufuria na rafiki mjaribu. Magarama si kubwa. Kufika jioni lilikuwa limeshamfikia Mama Zaina kwamba binti yake ameitwa shetani mbele ya watu wa Yesu. Alitundika nguo zake za kufua katikati ya ua, kutoka ukuta mpaka ukuta, na kuanzia siku hiyo tukawa tunapita tukiinama chini yake. Nilikuwa nainama na kusema moyoni, Baba akirudi nitasema yote kwa pamoja.

Habari ililetwa na mwanamume wa sokoni. Alisimama mlangoni bila kuvua kofia. Alisema ile kamyo, lori ambalo Baba alikuwa arudi nalo, ilipasuka gurudumu, konvoi ikaenda ikaiacha. Alisema imeshambuliwa na imeungua. Waliokufa wamezikwa na watu wa mlimani hapohapo, na waliokimbia wamekimbia, na hakuna ajuaye yupi ni yupi. Mama alimwuliza, "Imeungua?" Akasema, "Yote, Mama. Imebaki chuma."

Sikulia. Nilikuwa nimeshikilia kikombe, nikaendelea kukishikilia. Nilikuwa nasikia neno moja tu, imeungua, na kichwani kitabu kilikuwa kimefunguka chenyewe. Mara ya kwanza iliungua sufuria. Sikushika somo, nilitoa somo la uongo mbele za Mungu na watu wakaitika amina. Basi amerudia. Amekuja na fimbo kubwa. Hesabu ilikuwa sawasawa, hakuna pa kuikosoa, na mtu pekee ambaye ningeweza kumwonyesha alikuwa ndani ya hiyo kamyo.

Jioni ile tulikula kitu, sikumbuki ni nini. Tulimaliza, tukabaki tumekaa na sahani mbele yetu, tunangoja maswali mawili. Mama alizitazama zile sahani. Halafu akazikusanya, akazipeleka nje. Kesho yake hivyohivyo. Mdogo wangu, yule wa Mungu amenifundisha kuku, alianza kusema mwenyewe, "Nimeona..." na Mama akamwambia, "Kalale."

Hakulia pia, nisimsingizie. Alitembea, alifua, alikwenda ibadani akaimba. Ila ukimgusa anachelewa kugeuka. Wanawake wa maombi walikuja wakamwambia hili nalo ni somo, Mama Somo, Mungu ana makusudi. Aliwaitikia ndiyo, ndiyo, akawasindikiza mpaka barabarani.

Aliyekuja akasema neno la maana alikuwa Mama Zaina. Aliinama chini ya kamba ya nguo zake mwenyewe, akaingia kwetu bila kubisha, akasema, "Mama Somo, mambo yetu tuyaweke kando. Labda hakupanda. Mtu anaweza kufika penye gari akaghairi. Nenda kwa kaka yangu Muyinga ukaulize. Yeye njo atakuambia kama alipanda." Akafungua pindo la kanga akatoa pesa ya gari. Mama alizipokea kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Nilisikia aibu moja kubwa, halafu hata hiyo ikatulia.

Tulikwenda watatu: Mama, mimi, na mdogo wetu mchanga mgongoni. Wengine wakabaki kwa mama mdogo. Katika konvoi watu hawazungumzi. Tulipita penye kamyo. Sikujua kama ndiyo yenyewe, zilikuwa mbili tatu njiani, zote nyeusi, zote zimepinda. Mama alitazama kila moja mpaka ikapotea. Mimi nilitazama miguu yangu.

Muyinga tulikaa katika mtaa wa Waislamu, kwa Mzee Hamisi. Alikuwa fundi cherehani, mtu mfupi mwenye utepe wa kupimia shingoni hata anapokula. Mke wake, Mama Rukia, alikulia Kigoma, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka mpaka nilikuwa naona aibu kufungua mdomo. Mzee Hamisi alisema aliyokuwa nayo: "Asubuhi ile alichukua mizigo yake, akaniaga, akaenda stendi. Mimi nilikuwa na suti ya bwana harusi ya kumaliza. Sikumsindikiza. Kama alipanda, kama hakupanda, Mungu anisamehe, sikuona." Alirudia, sikuona, akakaa chini na kushika utepe wake.

Kwa hiyo tulingoja. Kulikuwa na watu waliovuka kwenda Tanzania, kwenye kambi, na wengine walikuwa wanarudi siku za soko. Mama alikuwa anakwenda kuwauliza. Mtu mrefu, meno ya mbele yana nafasi, anacheka sana. Kila siku ya soko alisema maneno hayohayo, wiki baada ya wiki, mpaka nikaanza kuona ni mtu ambaye sijawahi kukutana naye.

Mimi nilikuwa na kazi yangu. Kama Mungu anarudia kwa sababu sikushika, basi nikishika atafunga kitabu, na kitabu kikifungwa Baba atatokea kona ya msikiti na mifuko yake. Nikaanza kutafuta masomo kwa nguvu. Kuku wa Mama Rukia alilalia mayai ya bata, hilo ni neema. Sindano ya Mzee Hamisi ilikatika ndani ya kitambaa kizuri, hicho ni kiburi. Nilikuwa nayahifadhi kwa vidole, siku nyingine nafika kumi, nakaa mbele ya Mama baada ya kula nimeyashika. Hakuuliza. Siku moja nilishindwa nikamwambia Mama Rukia lile la kuku na bata. Akacheka mpaka akafuta macho. "Mashallah! Huyu ukimwacha atamhubiria mpaka Imamu." Mama alikuwa pale pale, anamnyonyesha mtoto. Hakucheka, hakuitika amina.

Nikaelewa kwamba haya yote ni ya pembeni. Mungu hakuwa anataka kuku. Alikuwa anataka lile la sufuria.

Ilikuwa jioni, jua bado lipo ukutani. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka uani anachambua maharagwe kwenye ungo. Mbabula ilikuwa inawaka pembeni na sufuria yetu juu yake, maana alikuja nayo kutoka Magarama, hakutaka kupikia ya watu. Maji yalikuwa yanaanza kuchemka. Mimi nilisimama mbele yake nikashika mikono nyuma kama shuleni.

"Mama, niko na somo."

Hakuinua kichwa. Nikaendelea, kwa sababu nikinyamaza nisingeanza tena. Nilimwambia nimeona sufuria ikiungua. Nilimwambia Zaina hakuniita, Zaina alikuwa chuoni, hakuna aliyeniita, nilikwenda kuteleza. Nilimwambia Baba alijua. Kwamba alisema akirudi tutaongea. Na kwamba Mungu amerudia. "Sufuria iliungua, sikushika. Njo maana kamyo imeungua. Ni juu yangu. Sasa nimeshika, Mama. Sasa anaweza kurudi."

Mikono yake ilikuwa imesimama ndani ya ungo. Kwa Mzee Hamisi cherehani ilikuwa inakwenda, inaacha, inakwenda. Nilimtazama kichwa, nywele zilizotoka nje ya kitambaa, na nikaona kwamba anafikiri sana. Nilijua anatafuta. Nilikuwa nimemwona maisha yangu yote akitafuta na kupata. Niliogopa atakachopata.

Alichukua jiwe dogo kutoka kwenye maharagwe, akalitupa nyuma yake.

"Ile siku maji ilikuwa kidogo," akasema. "Na moto ilikuwa mingi."

Nikauliza, "Na Mungu ametufundisha nini?"

Sasa akaniangalia. Uso wake ulikuwa umechoka mno, na haukuwa na hasira. "Hakuna," akasema. "Hakuna somo mule, mwanangu. Ni maharagwe tu. Iliungua."

"Lakini ulisema anarudia..."

"Nilisema." Akautikisa ungo. "Mi nilisema mambo mingi. Kwa Zaina utaenda kuomba msamaha, na mi nitaenda kwa mama yake, hiyo ni deni yetu sisi wawili. Lakini baba yako haiko mu ile sufuria. Unasikia? Haikuwamo hata siku moja."

Hapo ndipo nililia. Nililia kwa sababu nilikuwa nimetua mzigo, na nililia kwa sababu nilielewa upande wake wa pili palepale: kama sufuria ni sufuria tu, basi kamyo ni kamyo tu, na hakuna kitu ninachoweza kusema kwa ufasaha wowote kitakachomrudisha Baba. Mama hakuninyamazisha. Alinyanyuka, akamwaga maharagwe ndani ya sufuria, akachukua jagi akatia maji. Akaangalia. Akatia tena, mpaka juu, mpaka yakawa yanataka kumwagika kwenye mkaa. "Nenda cheza," akasema. "Hata ukichelewa, haitaungua."

Sikwenda kucheza. Nilikaa karibu naye, yakachemka, yakaiva, hayakuungua. Tulikula maharagwe yanayoelea. Mama Rukia aliona, na kwa adabu yake ya Kigoma akasema mchuzi ni mzuri kwa anayenyonyesha.

Tulirudi Gitega mvua za mwisho zikiisha. Baba hakuonekana, wakati ule wala baadaye, na hakuna aliyewahi kutuambia kama alipanda. Nilimwomba Zaina msamaha chini ya kamba ya nguo. Aliniambia, "Nilijua. We ulikuwa na matope mu masikio." Mama aliingia kwa Mama Zaina, akafunga mlango, wakakaa humo mpaka sambusa za siku hiyo hazikuuzwa. Alipotoka, kamba iliondolewa.

Watu waliendelea kumwita Mama Somo mpaka wakamzika kwa jina hilo. Wengi hawakujua kwamba tangu Muyinga hakumwuliza mtu tena yale maswali mawili. Alisali kila siku. Aliimba kwa sauti yote. Lakini jiwe likitoka kwenye maharagwe, alilitupa tu. Nilikuwa namtazama, namwona jiwe limo mkononi na neno limo mdomoni, halafu anameza. Kwa miaka mingi nilifikiri vita ndivyo vilivyomnyang'anya neno hilo. Nimeshazaa, nimeshawapoteza wengine, na sasa sidhani hivyo. Nadhani jioni ile somo alikuwa nalo. Mama Somo asingelikosa. Aliona mtoto wake amesimama mbele yake, na akaliweka chini.

Jana niliipikia hiyo sufuria, nikaijaza maji. Watoto wangu wamelalamika, na mdogo wangu alipopita akacheka, akaniuliza, "Hivi kweli, Dada, kwa nini Mama alikuwa anajaza maji hivyo?" Nikamwambia alikuwa anapenda mchuzi.

Akiniuliza yeye mwenyewe, kama zamani, kabla ya kutoa sahani, lile la pili bado ningenyamaza. La kwanza ningemjibu. Leo umeona nini? Nimeona wewe, Mama, hukupenda mchuzi hata kidogo, na umeunywa miaka yote iliyobaki ili mimi nisisikie ile harufu.